Mti wa Kukaa

Nilipofaulu mtihani wa kuingia sekondari, baba alisema, "Chagua kitu kimoja. Kitu chochote, isipokuwa baiskeli." Wenzangu wa darasani walipata viatu. Mimi nilisema nataka mti. Nilisema huku nimeangalia sakafu, kama ninavyosema karibu kila kitu, ikabidi nirudie mara tatu.

"Muti wa nini?"

"Wa maua."

"Unazaa nini?"

"Maua, baba."

Akamgeukia bibi, mama yake mzazi, aliyekuwa anachagua mawe kwenye mchele. Bibi alicheka mpaka ungo ukatikisika. "Mutoto wako anataka kutupikia maua."

Ua wetu hapa Buyenzi ni mdogo. Upande mmoja kuna bomba, upande mwingine choo, katikati kamba za nguo, na sehemu kubwa ni saruji. Kilichobaki ni kipande cha udongo mtupu chini ya ukuta wa jirani, ambacho hakuna aliyekitumia. Mimi nilikuwa nakipigia mahesabu tangu siku mama, ambaye anauza vitenge, aliponipeleka Kibenga kumsaidia kubeba mzigo kwa mteja wake. Ua wa yule mteja haukuupita wetu kwa ukubwa. Mbele ya mlango palikuwa na mti usiofika hata kwenye paa, una maua ya waridi, na majani yake yamepasuka katikati kama kwato za mbuzi. Wao walikunja na kukunjua vitenge, mimi nikasimama chini ya mti. Hakuna aliyenitaka niseme neno. Nilijisikia vizuri kuliko siku nyingi.

Inabidi niseme pia habari ya sanduku. Miaka ile ya vita milio ya bunduki ilikuwa inashuka kutoka milimani, na mtaani kwetu kila nyumba ilikuwa na mzigo uliofungwa nyuma ya mlango. Wetu ulikuwa sanduku la bati: hati za nyumba, blanketi mbili, Kurani ya marehemu babu. Kila asubuhi nikitoka kwenda shule niligonga goti pale. Nitasema ukweli, nilikuwa nalichukia lile sanduku kuliko bunduki zenyewe. Bunduki zilikuwa mbali. Sanduku lilikuwa linaishi na sisi.

Muuza miche niliyemwendea alikuwa mzee wa Kikongo. Alivuka kutoka Uvira na familia yake, akapanga miche yake kando ya barabara inayopanda Kigobe. Alikuwa na sheria zake. Kabla hujagusa jani, anakuuliza kwanza: "Unakaa ao unahama?" Wa kuhama aliwapeleka kushoto, kwenye maua yaliyopandwa ndani ya makopo ya maziwa, ya kubeba mkononi. Wa kukaa walienda kulia, kwenye miti ya kupanda ardhini. Watu watatu waliokuwa mbele yangu wote walienda kushoto. Upande wa kulia majani makavu yalikuwa yamelala bila hata alama ya mguu.

"Na we, mama?" aliniuliza, akiniita hivyo kama Wakongo wanavyowaita wasichana. "Unakaa ao unahama?"

"Sijui," nilisema. "Nitauliza nyumbani."

"Uliza. Halafu uniletee kamba, urefu wa kiwanja, ukuta mpaka ukuta. Funga fundo pale choo iko, na fundo ingine pale bomba. Na udongo, kiganja kimoja."

Nikauliza. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, wote tumezunguka sinia. "Baba, tunakaa ao tunahama?"

Mikono ilisimama. Kwetu hakuna aliyewahi kuliuliza hilo kwa sauti. Watu walisema "hali", walisema "tutaona", walisema inshallah, na sanduku likabaki pale pale.

"Kula," baba alisema.

"Nani alikutuma kuuliza mambo kama haya?" mama akauliza.

"Muuza miche."

Bibi akalamba vidole. "Basi iko mutu mumoja mwenye akili katika huu mji."

Baba alinawa mikono kabla hajashiba. Nikachukua kamba ya nguo iliyokatika, nikapima, nikafunga mafundo yangu mawili, na kiganja cha udongo wa chini ya ukuta nikakifunga kwenye kitambaa.

Mzee aliitandaza kamba chini ya mti mkubwa wa maua mekundu ulioko pale barabarani. "Ona. Kamba yako imekwisha, kivuli bado kinaenda. Mizizi ya huyu itaingia choo, ikitoka huko itaenda kusalimia jirani." Jakaranda nayo aliikataa. Akanionyesha mwingine mwembamba, umenyooka kama mlingoti wa bendera. "Huyu angeingia. Lakini anapenda kuchungulia juu ya ukuta, na siku hizi kitu kinachochungulia kinaulizwa maswali."

"Ule wa kwato," nikanong'ona.

"Sema kwa nguvu."

"Wa kwato!"

Mwanamke aliyekuwa anapita na beseni la ndizi aligeuka kunitazama. Mzee alifurahi. Akafungua kitambaa changu cha udongo, akanusa, sura ikabadilika.

"Baba yako ni fundi wa magari."

Nilishtuka. Alijuaje? Kumbe ni harufu. Kila Jumamosi baba humwaga oili chafu ya injini chini ya ule ukuta, kuzuia mchwa. Mafundi wengi wanafanya hivyo, na kwetu hakuna aliyefikiria kwamba siku moja kitu kitatakiwa kuota pale.

"Mi siuzi muti aende kufa," alisema. "Niliacha yangu Uvira, imesimama, sijui nani anaimwagilia. Nenda uchimbe. Ukipata udongo wenye haunuki, uniletee. Lakini bado hujanijibu. Unakaa?"

"Nakaa."

"Na wa nyumbani?"

"Hawajasema. Mi ndiye nakaa."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Alicheka, lakini hakunielekeza kushoto.

Nilichimba siku tisa, kila nikirudi kutoka shule. Udongo wa juu ulikuwa mweusi na mzito, ukishika jembe kama ugali. Nilioga kwa sabuni ya unga na bado darasani jirani yangu wa dawati alisogea. Mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, mama mwenye ulimi mkali, alileta kigoda akakaa kunitazama.

"Unachimba handaki?"

"Apana. Ni shimo ya muti."

"Panua kidogo, bwana. Bomu ikikuja tuingie na muti wako."

Kawaida maneno ya namna hiyo hunifanya nikimbilie ndani. Siku ile nilimwambia, "Leta jembe yako, upanue yako." Akapiga makofi. Nikarudi kuchimba.

Kiganja cha pili cha udongo mzee alikikataa. Cha tatu alikinusa, akaweka punje ulimini, akatema, akanipa mche ndani ya mfuko wake wa plastiki. Ulinifika kiunoni na ulikuwa na majani kumi na moja.

Wiki hiyohiyo makombora yalianguka karibu kuliko siku zote, na nyumba mbili za mtaani kwetu zikafungwa kwa kufuli. Ijumaa baba alirudi kutoka msikitini, hakuvua hata kofia. Alitangaza kwamba Jumapili tunaenda Kigoma kwa ndugu yake. Najua sasa kwamba hatukwenda. Lakini saa ile sikujua, na sitaki kuandika kama mtu aliyekuwa anajua.

Alinikuta uani, mche uko kando ya shimo. Mkononi alikuwa na kopo kubwa la rangi, safi, amelitoboa matundu kwa msumari. Alikuwa amelisugua yeye mwenyewe. Hilo ndilo lilikuwa gumu, kwamba hakuja kwa ubaya.

"Weka humu," alisema. "Tukienda utaubeba. Nilikuahidi muti, sikuahidi shimo."

"Apana, baba."

Sikuwahi kumwambia hivyo. Niliupasua mfuko kwa wembe, juu mpaka chini, kabla sauti yangu haijaisha. Mizizi ikatokea, myeupe na myembamba.

"We mutoto! Jumapili hatuko hapa!"

"Muti utakuwa hapa."

"Nani atamwagilia? Mimi niko Kigoma, wewe uko Kigoma, mama yako…"

"Mi nani aliniuliza kama nahama?"

Ilikuwa sauti ya bibi, mlangoni, na ungo wake.

"Mama, tafadhali," baba alimwambia.

"Mutoto aliuliza. We ukasema kula. Tukala. Sasa nakujibu: mi siendi. Nimezalia watoto sita ndani ya hii nyumba, na Kigoma kwa mke wa mdogo wako nitaenda kufanya nini, kuhesabu kuku zake? Nitakaa, nitamwagilia huu muti wenu wa njaa."

"Na makombora?"

"Yanajua pa kunikuta."

Mama alikuwa amesimama nyuma yake. Hakumpinga bibi.

Baba alisogea karibu. Alitazama ndani ya shimo, nadhani kwa mara ya kwanza, akaona lilivyokwenda chini mpaka kwenye udongo mwekundu. Akaweka kopo chini. Akavua kofia ya Ijumaa, akampa bibi. Akapiga goti na kanzu yake nyeupe, akaushika mche kwenye shina, akauteremsha shimoni.

Aliuteremsha sana. Shina lilikuwa linazama.

"Uko chini, baba," nilisema. "Pandisha kidogo."

Akapandisha.