Mlango Haufungwi Leo

Pantelis Mavrikos hakuwahi kuupa mlango mgongo. Awe kanisani, awe kwa kinyozi, awe kwenye harusi ya watu, lazima apate kiti kinachotazama wanakoingilia watu, na asipokipata husimama mpaka miguu imuume. Usiku mkewe, Malamo, alimsikia akiamka kwenda kulijaribu komeo, akirudi kitandani, kisha akienda tena, kana kwamba komeo lina miguu litatoroka. Majirani wa Astoria, mtaa wao wa New York, walisema ni ubahili, anaogopa wezi. Laiti wangejua.

Basi fikiria adha aliyoipata mtu huyu kila tarehe ishirini na saba Julai, siku ya mtakatifu aliyepewa jina lake. Siku ya jina haina mwaliko. Mlango huachwa wazi kutwa, na yeyote anayekujua huingia, akakutakia miaka mingi, akapewa kijiko cha cheri zilizopikwa kwa sukari, glasi ya maji baridi na kahawa. Kufunga mlango siku hiyo ni sawa na kutangaza msiba. Pantelis aliketi kila mwaka akiukodolea macho mlango ule, akitabasamu, jasho likimtoka kwapani.

Mwaka huo binti yao Argyro, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja wiki moja kabla na tiketi tatu za feri.

"Baba, siku ya jina lako tunakwenda Kisiwa cha Ellis," alisema. "Wewe, mimi na Mama. Nimeshalipia jina lako liandikwe kwenye ukuta wa wahamiaji. Nataka usimame kwenye ule ukumbi mkubwa uniambie, hapa nilisimama, daktari alikuwa pale."

Pantelis akaweka kikombe mezani. "Watu wazima wana kazi za kufanya," akasema.

"Kazi gani, Baba? Kujaribu komeo?"

Malamo akacheka. Pantelis hakucheka.

Argyro aliwasimulia wanafunzi wake kila mwaka jinsi baba yake alivyopita kisiwani, lango la zamani la wahamiaji waliofika Amerika kwa meli: sanduku la mbao begani, daktari aliyempindua kope, karani mwenye masharubu aliyemwambia karibu. Hadithi tamu, na yote ya kweli. Ila ilikuwa ya babu yake. Baba yake Malamo ndiye aliyepita ukumbi ule na sanduku lake, zamani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Pantelis aliikopa hadithi hiyo usiku mmoja ili kumbembeleza mtoto alale, na hakuirudisha tena.

Yeye alikuwa ametoroka meli. Hilo Malamo alilijua, maana nusu ya wanaume wa kanisa lao waliingia hivyo hivyo: meli inatia nanga, baharia anashuka kununua sigara, harudi. Yeye alishukia bandari ya Norfolk, akamwoa Malamo, akaenda Montreal, Kanada, akarejea na hati halali kama mtu mwingine yeyote. Alichomficha Malamo ni kwamba Norfolk ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza, mwaka wa hamsini na tatu, kijana wa miaka ishirini, maafisa wa uhamiaji walimfuata kwenye jiko la mkahawa alimokuwa akiosha sahani. Waliingia mlangoni, naye alikuwa ameupa mgongo.

Walimfungia kisiwani. Enzi za ukumbi mkubwa zilikuwa zimekwisha, na jengo lile sasa lilikuwa la kuwashikilia watu kama yeye. Dirishani aliiona Manhattan, karibu kiasi cha kutia hasira. Siku moja hasira ikamzidi, akachukua penseli akaandika ukutani kwa herufi kubwa za Kigiriki: *Pantelis Mavrikos wa Ikaria. Nimefungwa hapa kama mwizi. Nitarudi.* Baadaye wakampakia melini kumrudisha Ugiriki.

Alisikia kwamba walipoligeuza jengo kuwa makumbusho hawakuyafuta maandishi ya wafungwa. Waliyawekea kioo, watu wayasome. Na ni yeye mwenyewe aliyemfundisha Argyro kusoma Kigiriki, jioni baada ya jioni, kidole juu ya herufi. Ni yeye pia aliyemnunia mtoto huyohuyo wiki nzima kwa sababu ya uongo wa sahani iliyovunjika. "Njia ya mwongo ni fupi," alimwambia, na Argyro akakua akilirudia neno hilo kwa wanafunzi wake, akimtaja babaye. Njia yake mwenyewe ilikuwa imechukua miaka mingi, lakini sasa aliuona mwisho wake.

Wiki ile haikukalika naye. Alizunguka nyumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jumatatu goti lilimuuma. Jumatano goti likapona, akasema feri itamtapisha.

"Baharia wewe!" Malamo akamwambia. "Umekula chumvi ya bahari miaka minne, leo mashua ya watalii ikutapishe?"

"Bahari imebadilika."

"Bahari imebadilika! Stratis, umesikia?"

Stratis, rafiki yake wa kucheza dadu kila asubuhi, hakuinua macho ubaoni. "Kapteni anazeeka," alisema. "Mfunge kamba mlingotini, Malamo, usimwachie." Pantelis, ambaye hakuwahi kupanda cheo kupita kusugua sitaha, akatupa dadu vibaya, akapoteza mchezo.

Alisikiliza redio akiomba dhoruba. Redio ikasema jua.

Siku moja kabla ya safari aliaga anakwenda kununua kahawa, akapanda treni mpaka kwenye gati la feri. Alitaka kwenda peke yake kwanza, aone kama maandishi yamefifia. Akapanga foleni. Mbele, kwenye mlango wa ukaguzi, alisimama mtu mwenye sare akimwambia kila abiria, "Pita. Pita." Kijana tu, anatafuna ubani. Pantelis alikuwa na kitambulisho cha uraia mfukoni, alikigusa, alijua kipo. Hata hivyo akatoka kwenye foleni, akarudi nyumbani akiwa amejichukia, na kahawa akaisahau.

Asubuhi ya siku ya jina, kulipokucha alikuwa amekwisha kuvaa suti. Argyro alikuwa nje na gari, anapiga honi. Malamo alikuwa amepanga cheri na glasi kwenye sinia la wageni wa jioni. Pantelis akasimama kwenye kizingiti.

"Siendi," alisema. "Mlango haufungwi leo. Watu wakija wakute nini?"

"Pantelis."

"Nimesema siendi, mke wangu. Nenda na mtoto."

Malamo aliweka mkoba chini. "Mimi nilishakwenda," akasema.

"Wapi?"

"Kisiwani. Na kina mama wa kanisa, mwaka ule walipoyafungua makumbusho. Nililiona jina lako."

Pantelis akashika mwimo wa mlango.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanyaje? Ungehama nyumba. Mtu anayejificha haitwi kwa sauti."

"Na wao? Waliliona?"

"Wangelionaje? Nilisimama mbele yake. Nikasema kiatu kinanibana, nikaegemea kile kioo, nikafungua kamba, nikafunga, nikafungua. Yule mke wa Stratis akataka kunisubiri, nikamfukuza. Niliinuka walipopita wote." Akamtengenezea kola. "Kisha nikapangusa alama ya bega langu kwa leso. Mwandiko wako ni mbaya, lakini unasomeka."

Pantelis alilia pale pale, mlangoni, na suti yake, na honi inapigwa. Miaka yote alidhani anaulinda mlango peke yake.

"Argyro je?" aliuliza alipoweza.

"Huyo simzibii. Huyo ni wa kwako."

Honi tena. "Baba! Feri haitusubiri!"

Pantelis akajifuta uso. Malamo akaingiza ufunguo kwenye kitasa, naye Pantelis akamshika mkono, akautoa ufunguo, akautia mfukoni. Akalichukua lile sinia la cheri, akaliweka kwenye meza ndogo karibu na mlango, mahali pa kuonekana.

"Utauacha hivyo?" Malamo aliuliza. "Nyumba tupu?"

"Wanaonijua wataingia, wajihudumie."

Akashuka ngazi bila kugeuka. Akaingia kiti cha mbele, akafunga mkanda. Argyro akayatazama macho ya baba yake, mekundu.

"Baba, una nini? Mbona mlango uko wazi?"

"Endesha polepole, binti yangu, nina la kukwambia. Kule unakonipeleka jina langu liko kwenye kuta mbili. Huo wa kwako ni wa pili. Wa kwanza niliuandika mwenyewe, kabla hujazaliwa." Akamgeukia Argyro. "Tukifika, utanisomea. Kwa sauti."