Picha Safi ya Mzee Harithi

Mzee Harithi wa mtaa wa Makole alikuwa mchinjaji. Nikisema mchinjaji simaanishi mwenye bucha. Namaanisha yule mtu anayeitwa penye harusi na hitima ashike kisu yeye, ili kila mgeni ale bila kujiuliza. Hata Wakristo wa Kikuyu, mtaa wa jirani, walimwita, maana nani anataka jirani yake Mwislamu aje harusini aishie kuitazama sahani?

Mwaka tisini na tano mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Ajabu yake, ulitetemeka ukiwa umepumzika gotini. Akishika kisu unatulia. Sokoni wakamtania: "Mzee, hiyo tasbihi unayovuta mbona hatuioni?"

"Nawaombea nyie. Dhambi zenu ni nyingi, siwezi kupumzika."

Lakini vifungo vya shati vikawa kazi ya mkewe, Mwanamvua. Mwanawe Fahadi, aliyekuwa akiuza mitumba Dar es Salaam, akampeleka huko kupigwa picha ya ubongo kwenye mashine kubwa ya duara. Jibu likatoka: picha safi.

Basi akarudi na bahasha yake kama mtu aliyeshinda kesi. Ukiutazama tu mkono wake, picha inatolewa, inainuliwa juani. "Tazama mwenyewe. Kuna doa hapo?" Nani angeliona? Makole nzima ikakubali kwamba kichwa kikiwa kizima, na mkono ni mzima.

Mwaka tisini na saba Alfonce wa Kikuyu alikuwa anamwoza binti yake, Sidonia. Asubuhi ile Mwanamvua akasema, "Baba Fahadi, leo mwachie Msafiri." Msafiri alikuwa mpwa wao, mtu mzima, kazi kafundishwa na Harithi mwenyewe.

"Msafiri ana picha?" akajibu mzee, akaondoka.

Ng'ombe akalazwa, akaelekezwa kibla. Harithi akaanza kukata. Katikati mkono ukasimama. Haukutetemeka, jamani, ulisimama tu, kama wa mtu mwingine.

"Mjomba, kata!"

"Nakata," alisema Harithi, na kisu hakiendi.

Ng'ombe akakoroma. Msafiri akakinyakua kisu, akamaliza. Wazee wakaanza kunong'ona kama nyama ile ni halali, maana kisu kilisimama kabla koo halijakatika, na wapo waliotaka kumstahi, wakae kimya. Harithi akasema mwenyewe: "Alfonce, ndugu yangu, wageni wako Waislamu wasile nyama hii. Nimeiharibu mimi."

Wakatafutwa mbuzi, Msafiri akawachinja.

Wiki ile Harithi alikwenda na bahasha kwa Daktari Anyitike. "Picha imenidanganya."

"Haijakudanganya, mzee wangu. Picha hii inaonyesha umbo la ubongo, na umbo lako halina kasoro. Ila ndani kabisa kuna chembe zinazotoa kitu kinaitwa dopamini. Ndicho kinachofanya sehemu za ubongo zisikilizane, mkono uende. Chembe zako zinakufa. Sehemu hazisikilizani tena."

"Mbona haikuonekana?"

"Ulaya wanamchoma mtu dawa inayokwenda kunasa hapo hapo, na mashine inaona inavyong'aa. Kwa mtu mwenye afya hutokea alama mbili kama mkato wa kwenye maandishi. Kwa mwenye ugonjwa huu mkia wa mkato hufifia, zinabaki nukta."

"Na mimi?"

"Nadhani nukta. Lakini mashine hiyo hatuna. Mimi nimekujua kwa kukutazama ukiingia mlangoni. Ugonjwa wenyewe unaitwa Parkinson. Vidonge vya kusaidia vipo, vikipatikana. Kupona, hapana."

Harithi akairudisha picha kwenye bahasha. "Basi Mwanamvua alikuwa anauona kila siku, akinifunga vifungo," akasema.

Idd ya kuchinja ilipofika, Msafiri akamjia. "Mjomba, ushike kisu, mimi niweke mkono wangu juu ya wako."

"Hapana. Watu watakula na mashaka."

Akawekewa kiti karibu. Kondoo alipolazwa, mzee akafungua kinywa kulitaja jina la Mungu, kama miaka yote. Akakumbuka kwamba neno hilo hulisema mwenye kisu. Akafumba mdomo, akamsikiliza Msafiri akilisema.