Mwanangu Amekuwa Mtulivu Mno, Naogopa

Ndugu mhariri wa ukurasa huu, nakuomba jina langu lisitoke gazetini. Mama mkwe wangu hajui kusoma, lakini majirani zake wanajua, tena wanasoma kwa sauti.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minne, naishi Igogo, Mwanza. Nina mume na binti mmoja wa miaka miwili na nusu, hapa nitamwita Neema. Nakata minofu ya sangara kwenye kiwanda cha samaki. Mume wangu alipunguzwa kazi kiwanda chao cha pamba kilipouzwa, sasa anabeba mizigo siku anayoipata, kwa hiyo mshahara wangu ndio unaotulisha. Nikiwa kazini Neema anashinda na bibi yake, mama mkwe wangu tunayeishi naye, ambaye anakaanga mapanki, yaani ile mifupa ya sangara inayobaki sisi tukishatoa minofu, kule mwaloni, kwenye soko la samaki kando ya ziwa.

Neema alikuwa chiriku. Alikuwa anaamkia kila kitu, kuku shikamoo, ndoo shikamoo, na asipoitikiwa ananuna. Wanawake wa bombani walimpachika jina la mwenyekiti wa mtaa. Lakini tangu masika yaishe, kila nikirudi namkuta amelala. Akiamka anakaa tu mdomo wazi. Namuuliza, "Umekula nini leo?" anaanza kunijibu, neno linakatikia njiani. Mama mkwe alifurahi, akasema, "Sasa ndiyo amekuwa mtoto, zamani alikuwa redio." Na mimi mjinga nikacheka.

Jumapili moja nilikuwa nafua uani, yeye anacheza na gunzi alilolifunga kitambaa, ndiye mtoto wake. Nikamwona anachukua kizibo cha soda. Akalibana gunzi kwa vidole viwili pale ambapo pua ingekuwa, akamimina kile kizibo, akasema kwa sauti nzito ya bibi yake kabisa, "Meza. Meza upesi. Lala." Kisha akalifunika uso wote, akageuka, akaanza kupuliza moto ambao haukuwepo. Nilibaki nimesimama na shuka linachuruzika maji. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu.

Nilimfuata mama mkwe jikoni, nikapiga magoti.

"Mama, mtoto unampa nini mchana?"

Wala hakuficha. "Dawa ya kikohozi, ile ya dukani. Nampa kizibo, akiamka nampa kingine."

"Mama, Neema hana kikohozi!"

Akaweka mwiko chini. "Mama Neema, pale mwaloni nina karai la mafuta yanachemka, nina moto wa kuni, nina wateja. Mtoto wako ana miguu. Mjukuu wa mwenzangu wa meza ya pili alivuta karai, tukamzika. Wangu nimemlinda. Wewe unataka mtoto anayesema sana au mtoto aliye hai?"

Swali hilo natembea nalo mpaka leo.

Mume wangu alipoambiwa akasema namdhalilisha mama yake kwa ushahidi wa gunzi. Nikamwomba basi abaki yeye nyumbani na mtoto. Akaniangalia kama niliyemtukana. "Watu waseme nalea huku mke wangu anatafuta?" Msichana wa kazi hatuna hata pa kumlaza, na kwetu ni mbali, wazazi wangu wote wameshatangulia. Nikiacha kazi tutalala njaa wote wanne.

Mama mkwe alisikia kelele zetu chumbani. Asubuhi akamfunga Neema mgongoni, akaniambia bila kunitazama, "Sawa, mama. Simpi tena. Atashinda macho pale kwenye karai, tuone."

Sijui kama anampa au hampi, siku nyingine nahisi anampa, siku nyingine nahisi hampi. Mkononi nashika kisu, kichwa kiko mwaloni, msimamizi ameshanionya. Nikirudi nikimkuta macho, namvua nguo zote natafuta alama ya moto. Nikimkuta amelala, naweka sikio kifuani kwake nisikilize kama anapumua.

Ndugu wasomaji, hasa akina mama mliolea kwa shida, msinitukane, nishaurini. Kesho akimbeba, nimwambie ampe au asimpe?