Saini Kwenye Kopo la Uyoga

Kazini, maabara, walimwita Dada Vichupa, maana kwa miaka kumi na mitatu alishinda na vichupa vya kioo visivyozidi kidole, akivipanga kwenye trei ya mashine kama mayai. Kazi yake ilikuwa kupima dawa za asili, mizizi, majani na uyoga uliosagwa, aseme ndani mna nini na kiasi gani. Mashine husukuma maji ya dawa hiyo kwenye bomba jembamba. Kila kilichomo hutoka kwa zamu yake, na kompyuta hukichorea kilima. Kilima cha uyoga hutoka dakika ya kumi na moja. Kisipotoka, hapana uyoga, hata kopo lichorwe uyoga mkubwa kama mwavuli.

Alikuwa mwingi wa kinyaa. Glasi ya ugenini aliinusa kabla ya kunywa, ndugu zake wakamcheka mpaka wakachoka. Lakini uongo ndio uliomchefua kuliko nzi ndani ya chai.

Jumamosi moja alikwenda kwa mama yake, akakuta miguu ya mzee imeumuka kama unga uliotiwa hamira.

"Mama, dawa za presha unakunywa?"

"Niliziacha. Siku hizi natumia uyoga huu. Na usinitolee macho, umeupima mwenyewe!"

Kweli. Nyuma ya kopo kilichapishwa cheti cha maabara yao, na chini yake saini yake, pamoja na mkia wake. Aliikumbuka sampuli ile: unga wa kahawia, wenye harufu ya udongo uliolowa, kilima chake cha kupendeza. Huu wa mama ulikuwa mweupe mweupe, unanukia sukari. Akachota kidogo, akaufunga kwenye karatasi.

Jumatatu aliudondoshea tone la ayodini, ukageuka mweusi tii, kama wanga wowote. Akaupitisha kwenye mashine. Dakika ya kumi na moja ikaja ikapita, mstari umelala chali. Akapitisha uyoga halisi, asije akaisingizia mashine. Kilima kikasimama wima. Akarudia ule wa mama. Hola. Unga wa mahindi tu, na sukari! Akachapa kile kichoro cha mstari, akampelekea meneja.

Meneja hata hakukiangalia.

"Sisi tunapima tunacholetewa. Soma pale chini ya cheti."

Pale chini paliandikwa kwa herufi ndogo kama sisimizi: *Majibu haya yanahusu sampuli iliyopokelewa tu.* Sentensi hiyo aliitunga yeye mwenyewe, mwaka wake wa kwanza kazini, na alipigiwa makofi kikaoni. Sasa ilimnukia kama kitambaa cha jikoni kilichosahaulika.

"Basi tumwandikie huyo mfanyabiashara aondoe cheti chetu kwenye makopo yake, bosi."

"Mteja mkubwa yule. Wewe piga kimya, kazi ziendelee."

Hakupiga kimya. Jioni alimweleza mama yake yote, bila kupaka asali.

"Unga wa mahindi?" mama aliuliza.

"Na sukari."

"Miezi mitatu nabwia unga mbichi, nafumba macho kabisa kama nakunywa dawa!" Mzee alisonya, akafungua droo, akameza kidonge chake cha presha. Kisha akamkazia macho bintiye. "Mimi umeniwahi. Na wenzangu wa kikundi chetu cha akina mama, wote kumi na mmoja? Niliwaambia watumie kwa moyo mweupe, mwanangu hasaini uongo."

"Nitawapigia simu."

"Simu? Mimi nilizunguka nyumba hadi nyumba na miguu hii unayoiona. Na wewe zunguka."

Akatoka. Njiani alimchukia mfanyabiashara, akamchukia meneja, na alipofika kona akajikuta anajichukia mwenyewe zaidi, na ile sentensi yake nzuri.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mjane wa fundi viatu, mgonjwa wa kisukari wa siku nyingi. Alimshika mikono yote miwili.

"Mtaalamu wetu! Karibu, karibu mwanangu. Leo nimeshakunywa vijiko viwili."

"Shikamoo, mama mdogo. Zile dawa zako za sukari umeziweka wapi?"

"Marahaba. Nilizitupa," alisema mjane, akitabasamu. "Si wewe ulisaini?"