Kusimama Mbele ya Anayechagua

Hapa Mkwaja, kwenye kambi ya wageni ninakopika msimu huu, wametundika rimu ya lori kwenye nguzo ya jiko. Msimamizi akitaka tukusanyike huigonga kwa nondo mara tatu. Wenzangu huja wakijikokota, wengine bado wana vikombe vya chai mkononi. Mimi shingo hunyooka yenyewe kabla sijafikiri, visigino vikagusana, macho yakashuka chini. Nina miaka arobaini na kitu. Nimepika Mwanza, Mtwara, Wete na kwingine nisikokumbuka vizuri, na bado chuma kikilia mwili wangu hurudi Maramba bila kuniaga.

Nilizaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Maramba. Kwetu chuma kilikuwa kipande cha reli, nacho kiligongwa alfajiri ili wanaume wajipange na kuhesabiwa. Baba alikuwa Msambaa aliyeshuka kutoka milimani akiwa kijana, na pale shambani hakuwa na jina. Alikuwa Mia Nne Kumi na Mbili. Mnyapara akiita namba hiyo, baba aliitika "Naam bwana," kisha akakaa kimya mpaka aoneshwe safu yake ya kukata.

Mama alikuwa mwanikaji. Nyuzi zikitoka kwenye korona (huo ndio mtambo wetu wa kukwangulia mkonge, miaka mingi kabla neno hilo halijawa jina la ugonjwa), wanawake walizitandaza juu ya waya, mstari baada ya mstari, nyeupe kama nywele za ajuza. Maganda yaliyokwanguliwa yalinuka uchachu ambao ukishaingia kwenye gauni hautoki hata kwa sabuni ya mche. Katikati ya waya hizo ndipo nilipojifunza kucheza. Nilizunguka, nikaruka, nyuzi zikinichapa usoni, na wanawake wakaacha kazi kunipigia makofi.

"Debora, hebu tikisa!"

"Huyu mtoto mifupa hana kabisa!"

Siku moja mchana Mwalimu Mwanaidi, aliyekuwa anatufundisha ngoma shuleni, alikuja nyumbani. Aliamkia, akapewa kigoda, akaeleza. Kulikuwa na shule ya bweni ya sanaa, mbali huko kusini ya pwani, iliyochukua watoto wa miaka kumi na kumi na mmoja na kuwafundisha kucheza pamoja na masomo ya kawaida, hadi wakawa wachezaji wa kazi. Walimu wake walikuwa wanakuja Tanga mjini kufanya usaili. Mkoa mzima wangechukua wanne. Mwaka unaofuata mimi ningekuwa nimepita umri.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. "Wanachagua kwa macho?" akauliza.

"Kwa macho, ndiyo, baba."

"Basi hilo nalijua."

Mwalimu alipoondoka, baba alimgeukia mama akasema neno moja tu: hataki nije kuanika. Halijawahi kusemwa jambo zito kuliko hilo ndani ya nyumba ile.

Kuanzia siku iliyofuata, kila jioni akishanawa, alinisimamisha uani. Aliniita "mama" kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. "Simama, mama. Visigino pamoja. Mikono ishuke. Macho chini, usimkodolee mtu." Alinizunguka polepole mikono yake ikiwa nyuma, akinikagua kama mnyapara anavyomkagua mtu mpya. Kuku akipita kati ya miguu yangu sikuruhusiwa kutikisika. Inzi akitua puani, vivyo hivyo. Nikicheka, tulianza upya. Nilifundishwa kuitika kwa namba, maana Mwalimu alikuwa amesema watatubandika namba kifuani, na baba alifurahi sana kusikia hivyo. Kuhusu kucheza hakuniambia lolote.

"Anayechagua, mama, haangalii unachokijua. Anaangalia kama utamsumbua."

Mama alivumilia wiki mbili. "Baba Debora, mtoto anakwenda kucheza, haendi kukata mkonge."

"Anayechagua ni mtu," baba akamjibu bila kuacha kunizunguka. "Na watu wanaochagua mimi nawajua kuliko wewe."

Usaili ulifanyika kwenye ukumbi mmoja Chumbageni, Tanga mjini, wenye sakafu ya saruji nyekundu iliyong'arishwa mpaka ukajiona. Wazazi waliambiwa wabaki barazani, nao wakajazana madirishani. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Kando yetu alikaa mama mmoja wa hapohapo mjini, mnene, mchangamfu, na binti yake Salma ambaye hakutulia hata kidogo. Mama huyo aliniinamia akinitazama.

"Ee baba'ke, bintiyo anaumwa?"

"Haumwi, mama."

"Mbona kasimama kama anangoja sindano? Mwache acheke, mwaya! Wenzio wanasema wanatafuta watoto wachangamfu. Mie huyu wangu nyumbani anacheza hata nikitwanga kisamvu."

Baba alimshukuru kwa adabu. Kisha akaniinamia sikioni: "Usimsikilize. Huyo hajawahi kupangwa mstari."

Ndani walikuwepo walimu watatu. Mkubwa wao alikuwa mama mwembamba mwenye mvi, miguu peku kama sisi. Walitukunja migongo, wakatupinda magoti, wakatubonyeza nyayo. Yule mama alishika kisigino changu akakigeuza taratibu, huku na huku. "Mgongo mzuri," akamwambia mwenzake aliyekuwa anaandika. "Na miguu mizuri sana hii." Nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe, na ndiyo sababu nawaeleza haya.

Kisha ikapigwa ngoma, tukaambiwa tusikilize, halafu kila mmoja aoneshe vile anavyotaka mwenyewe. Salma alianza kwa mabega, akakosea, akajicheka, akaendelea. Yule mama mwenye mvi akacheka naye.

Zamu yangu ikafika. "Unaitwa nani, mwanangu?"

"Ishirini na saba."

Watoto wakaangua kicheko. "Hilo ni la karatasi. Wewe unaitwa nani?"

Nikanyamaza. Baba alikuwa amenifundisha kwamba ukiulizwa mara ya pili, usibishe. Ngoma ikapigwa. Magoti yangu yaliisikia, sijui niwaeleze vipi, kama mtu aliyebanwa na mkojo. Nilingoja niambiwe nicheze ngoma ipi. Hakuna aliyeniambia. Yule mama akaja, akaniinua kidevu kwa kidole kimoja.

"Niangalie. Cheza unachotaka."

Nilipoinuliwa kidevu hivyo ndipo nilipomwona baba dirishani. Wazazi wengine walikuwa wanasukumana, wanaashiria, wanawaita watoto wao. Yeye alisimama wima, kofia mkononi, visigino bila shaka pamoja, macho chini. Walikuwa hawamchagui yeye, lakini alikuwa amejipanga.

Nami nikashusha yangu. Nikacheza ngoma ya shule tangu mwanzo hadi mwisho, hatua zote, bila kosa hata moja, bila kumtazama mtu. Nilipomaliza nikasimama. Yule mama akamwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Amefungwa huyu." Kwangu akasema, "Asante, mwanangu."

Salma alisomwa wa pili katika wale wanne. Mama yake alipiga kigelegele, halafu akatuona, akakikatiza katikati.

Tulipokuwa tunarudi baba aliniuliza maswali mawili tu.

"Ulisimama?"

"Nilisimama, baba."

"Hukucheka?"

"Sikucheka."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Mwishoni akasema, "Basi itakuwa miguu."

Hapo ningeweza kumwambia. Maneno ya yule mama yalikuwa bado ya moto masikioni mwangu. Lakini nilikuwa na miaka kumi na mmoja na hasira ya mtu mzima, nikaona na akae hivyo hivyo. Akakaa hivyo. Kwa miezi alinichemshia maji ya majani aliyoelekezwa na Wasambaa wenzake, akanilowekea miguu kwenye karai, akaikanda kwa viganja vilivyochanwachanwa na miba ya mkonge. Majirani wakiuliza, alisema binti yake ana kasoro ndogo miguuni. Wanawake kwenye waya waliacha kuniambia nitikise. Wala nisingetikisa.

Nilisoma hadi sekondari, nikamaliza, nikaondoka, na sijakaa mahali zaidi ya misimu miwili. Hasira ilipoisha nilisema nitamwambia nikirudi nyumbani. Nilirudi mara kadhaa. Kila mara nilimkuta ananitazama miguu ninavyoingia uani, na nikashindwa.

Tulipomaliza kumzika baba, mama alinikalisha jikoni. Akaniambia kwamba kule milimani baba alikuwa mchezaji. Vijiji vilimwita kwenye harusi. Wasichana walisema hana mifupa. Siku ya kwanza aliposhuka kutafuta kazi, alikuwa mstarini anapigapiga mguu kwa wimbo uliokuwa kichwani mwake, mnyapara akamtoa. Siku ya pili alicheka na mwenzake, akatolewa tena. Siku ya tatu alisimama kama nguzo, akapewa namba.

"Mimi nilimkuta ameshapewa namba," mama alisema. "Kucheza kwake nimesimuliwa tu."

Kisha akaongeza, akiwa anapepeta mchele wa wageni bila kunitazama, kwamba katika siku zake za mwisho mgonjwa alikuwa akiuliza jambo moja hilo hilo: hivi miguu ya Debora ilikuwa na nini?

Baba alinipa kitu pekee kilichowahi kumfanya mtu amchague, na alikitoa chote. Hilo nimelielewa, na halinisaidii. Ningeweza kumwondolea swali lake kwa maneno manne, nami nilikaa nayo.

Leo asubuhi rimu imegongwa. Msimu unaisha, na msimamizi alikuwa anachagua wachache watakaobaki. Wasichana wa saluni ya wageni walikuwa wanataniana, mmoja anacheza kwa wimbo wa kwenye simu yake. Mimi nilisimama visigino pamoja, macho chini. Msimamizi hakufika hata mwisho wa mstari. Alininyooshea kidole mimi kwanza, kama wanavyofanya wote, kila mahali.