Tabo Chini ya Kitanda

Gari la mume wangu lilikuwa na kikohozi. Likifika kwenye kona ya jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, pale malori yanapopanga foleni msimu wa pamba, mume wangu alikuwa anapunguza mwendo, na gari nalo linakohoa: kho, kisha kama linavuta pumzi, kisha kho tena, halafu linanyamaza na kuja nyumbani kwa adabu. Mtaa wetu wote hapa Bariadi ulikijua kikohozi hicho. Mimi nikikisikia nabandika maji ya ugali. Kutoka kona ya jineri hadi mlangoni kwetu, pamoja na kusimama kusalimia majirani, maji yalikuwa yanafika kuchemka. Sikuwahi kuhitaji saa.

Mume wangu aliugua, akafariki. Juu ya ugonjwa sina la kuandika. Gari likabaki kwangu, na shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akawa analiendesha na kupeleka abiria Lamadi na Nyashimo. Jioni analirudisha. Likifika konani linakohoa, nami nabandika maji kabla sijakumbuka kwamba anayekuja si yule. Majirani waliniambia, dada, hiyo si afya. Najua si afya. Lakini shemeji naye anakula ugali, kwa hiyo maji hayakuwa yanapotea.

Siku ya kugawa nguo za marehemu, mama mkwe aliinama chini ya kitanda kutafuta viatu. Akatoka na kitu kizito kilichofungwa kwenye khanga yangu, ile niliyoitafuta mpaka nikamnunia jirani. Akafungua. Ndani kulikuwa na chuma chenye umbo la konokono, na tumboni mwa konokono kuna feni ndogo. Mama mkwe alikiweka chini haraka, akafuta mikono kwenye sketi.

"Mwanangu alifungwa kwa kitu hiki," akasema. "Hiki ni cha waganga."

"Waganga wanatumia chuma, mama?"

"Wa siku hizi wanatumia chochote."

Alikuwa anatafuta kitenge chake aende kumwita mzee wa kanisa, shemeji akaingia. Alipokiona kile chuma alikibeba kama mtoto aliyezaliwa leo.

"Jamani! Tabo! Kaka alikuwa na tabo na hakuniambia!"

Akakaa kwenye kitanda akalia. Msibani alikuwa amejikaza, akihangaika na maturubai na masufuria, hakupata nafasi ya kulia. Sasa alilia vizuri, konokono mapajani.

Alipomaliza, alituelezea. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya upande mmoja, feni hiyo inazungusha nyingine upande wa pili, na ile ya pili inaisukumia injini hewa kwa nguvu. Hewa ikiwa nyingi, na mafuta yakiongezwa, gari linapata nguvu ambazo halikuzaliwa nazo.

"Kwa hiyo gari linakula moshi wake lenyewe," mama mkwe akasema. "Na bado mnaniambia si uganga."

Nilikuwa nimekumbuka kwamba mume wangu aliwahi kuniuliza, tukiwa tunakula, "Ungependa gari letu liwe na mbio zaidi?" Nami nilimjibu, "Kwenda wapi?" Akamega ugali. Nadhani konokono alikuwa ameshafika chini ya kitanda siku hiyo.

Tabo ilirudi kwenye khanga, na ingebaki huko kama si mbuzi.

Shemeji alikuwa anatoka Lamadi na abiria. Kwenye barabara iliyonyooka, bila mlima wala kona, akapitwa na bodaboda. Bodaboda hiyo ilikuwa imepakia akina mama wawili na mbuzi katikati yao. Wakati wa kupita, mbuzi aligeuza shingo akamtazama shemeji. Abiria walicheka mpaka Bariadi. Mmoja aliposhuka alimwambia, "Dereva, kesho mwambie mbuzi akuachie usukani."

Jioni hiyo shemeji hakula. Alikaa kibarazani akaniambia, "Shemeji, gari ni lako. Naomba ruhusa. Wiki ijayo tunakwenda Nyashimo, ukweni, nijitambulishe. Nikipitwa na mbuzi mbele ya wakwe, binti ninayemposa ataolewa na mwenye pikipiki."

Nikaomba kwanza nizungumze na fundi. Fundi wetu ana karakana ya mabati nyuma ya soko, ni mtu mchangamfu. Nilimuuliza swali moja tu.

"Sauti ya gari itabadilika?"

"Mama, sauti ndiyo raha yenyewe! Litapiga filimbi. Watu watageuka."

"Na kule kukohoa?"

"Kukohoa utakusahau."

Alidhani ananifurahisha. Nilirudi nyumbani polepole. Sikuwa na picha nyingi za mume wangu, nguo zake zilikuwa zimegawiwa, shati lake moja nilikuwa naliona kila Jumapili kanisani likiimba kwaya mgongoni mwa mtu mwingine. Kilichokuwa kimebaki kinachorudi nyumbani kila jioni ni kikohozi kile. Lakini tabo ni yeye aliyeinunua. Ningesema nini? Kwamba nataka gari lake liendelee kuumwa, na hamu yake ikae chini ya kitanda? Nilimwambia shemeji, "Fungeni."

Siku ya kufunga, karakana ilijaa wanaume wasio na kazi ila ushauri. Fundi alikata bomba, akachomelea, akavuta mpira wa oili huku na huku. Mama mkwe alikaa kwenye tairi kuukuu akiangalia. Fundi akamwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, ni kama kuongeza maksai mmoja kwenye plau."

"Maksai kijana ukimfunga na mzee," mama mkwe akajibu, "anayevunjika shingo ni mzee. Muulize yeyote anayelima."

Wanaume wakaitikia kwa vichwa, kwa sababu wote wanalima. Kisha wakaendelea kushauri.

Shida ilikuwa moja. Boksi la zamani la chujio la hewa halikuingia tena, nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na konokono. Mdomo wa tabo ukabaki wazi. Fundi akasema chujio la kufaa lipo Mwanza, gari lisitembee mpaka lije. Lakini safari ya Nyashimo ilikuwa kesho yake. Shemeji akafikiri, akaona jawabu ambalo mtu wa Simiyu hawezi kuacha kuliona, kwa sababu lilikuwa limerundikwa chumbani kwetu mpaka darini.

"Mafuta ya taa yenye uchafu tunayachuja kwa kitu gani?" akaniuliza.

"Kwa pamba."

"Kama pamba inachuja mafuta, itashindwa upepo?"

Mimi nimeishia darasa la saba. Niliona ana hoja. Akachukua pamba ya shamba letu, na mbegu zake ndani, akaisokota, akaijaza kwenye mdomo wa tabo na kufunga juu kwa kipande cha chandarua. Nilipoangalia chini ya boneti nilirudi nyuma. Nimeshamwona mtu akiwekwa pamba puani. Nikafunga boneti.

Asubuhi tuliondoka, shemeji kwenye usukani akiwa na suti, mama mkwe mbele, mimi nyuma na zawadi za ukweni. Kwa kweli gari lilikuwa na nguvu. Na lilipiga filimbi kama fundi alivyosema, filimbi nyembamba ndefu kila shemeji alipokanyaga mafuta. Kwenye uwanja wa shule watoto waliokuwa wanacheza mpira walisimama, golikipa akauweka mpira chini, wakaanza kubishana nani kacheza rafu.

Mbele kidogo kuna lambo la kunyweshea mifugo. Wachungaji wetu huwapigia ng'ombe mluzi wakati wa kunywa maji, mluzi mwembamba mrefu, na ng'ombe wakiusikia wanajua wameitwa. Shemeji akakanyaga mafuta. Kundi zima kule kwenye mbuga likainua vichwa. Kisha likaanza kuja. Halikuja mbio, lilikuja kwa heshima, likajaa barabarani, likatuzunguka, likasubiri maji.

Mchungaji alifika na fimbo begani, amekasirika.

"Mwangaluka," mama mkwe akamsalimia.

"Mwangaluka, mayu. Nani kawaruhusu kuwaita ng'ombe wangu?"

"Hatujawaita, kaka," shemeji akasema dirishani. "Ni tabo."

"Tabo ndiye nani? Ashuke."

Tulipokuwa tunasubiri ng'ombe waondolewe, nyuma yetu ikaja bodaboda, ikapenya kati ya ng'ombe, ikatupita. Haikuwa na mbuzi. Ilikuwa na godoro. Shemeji aliona godoro lile likienda zake akashindwa kuvumilia. Njia ilipofunguka akakanyaga mpaka chini. Filimbi ikapanda, ikapanda zaidi, godoro likakaribia, mama mkwe akaanza kusali kwa Kisukuma, kisha nikasikia sauti kama kuku aliyemeza punje kubwa. Gari likatoa moshi mweupe, likayumba, likazima.

Shemeji akafungua boneti. Chandarua hakikuwepo. Pamba haikuwepo, isipokuwa kidogo iliyoning'inia mdomoni mwa tabo.

"Imekwenda wapi?" mama mkwe akauliza.

"Ndani."

Mama mkwe akachungulia muda mrefu. "Basi mmemaliza kila kitu," akasema. "Pamba puani mmeshaweka. Limebaki jeneza."

Nilicheka. Sijui kilitoka wapi kicheko kile. Nilicheka mpaka nikakaa chini kando ya barabara na kitenge usoni, na mama mkwe akakaa pembeni yangu naye akacheka, na katikati ya kucheka tukalia kidogo, kisha tukacheka tena. Shemeji alisimama na suti yake akidhani tumechanganyikiwa kwa jua.

Mchungaji yule yule ndiye aliyetuokoa. Alileta maksai wawili na nira, wakalivuta gari hadi kwenye nyumba za karibu, akituuliza njia nzima kama yule tabo anakula majani. Nyashimo tulifika juu ya lori la pamba, tumejaa nyuzi vichwani kama watu waliozeeka njiani. Wakwe walituangalia, mzee mmoja akauliza kama pamba hiyo ndiyo mahari. Wakacheka, wakatupa maji ya kuoga. Yule binti alimtoa shemeji pamba kwenye nywele mbele ya watu wote, kwa hiyo habari ya mwenye pikipiki iliishia hapo.

Gari lilirudishwa karakana. Fundi alifungua tabo, feni zake zilikuwa zimekatika meno kwa mbegu, lakini injini yenyewe ilikuwa nzima. Shemeji akanitazama. "Tutafute nyingine, shemeji?"

"Rudisheni kama lilivyokuwa," nikasema. Kusema kweli, tangu lilipozima pale barabarani nilikuwa nimefurahi, na nilikuwa nimemwomba marehemu radhi kwa furaha hiyo.

Nilipokwenda kulichukua, fundi alinipokea kwa tabasamu pana. "Mama, nimekuongezea zawadi. Ule mpira wa hewa karibu na injini ulikuwa na ufa, marehemu aliufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Ndio uliokuwa unavuta hewa ya wizi na kulikohoza gari. Nimeweka mpya. Sasa kimya kabisa!"

Akaliwasha. Kweli, kimya. Gari lilinguruma kama la mtu yeyote.

Nikasimama pale. Shemeji alikuwepo, wanaume wa ushauri walikuwepo. Kwa kawaida mimi si mtu wa kusema mbele ya wanaume wengi.

"Fundi," nikasema, "naomba unirudishie ubovu wangu."

"Unasema?"

"Ule mpira wenye ufa. Ufunge kwa tyubu ile ile, alivyofunga yeye. Jioni nalisikiliza gari likifika konani. Ndivyo ninavyojua kubandika maji."

Hakuna aliyecheka. Fundi alikuna kichwa, akasema tangu aanze kazi hajawahi kuombwa kuharibu. Kisha akaenda kwenye ndoo ya takataka, akapekua mabaki ya vyuma na matambara mpaka akaupata mpira, tyubu ingali imefungwa juu yake. Hakuifungua. Aliurudisha vilevile, na fundo la mume wangu likiwa mahali pake.

Tabo niliiomba pia. Iko chini ya kitanda, kwenye khanga.

Jioni ile nilikuwa nachambua mchele uani. Kwenye kona ya jineri gari likapunguza mwendo. Kho. Likavuta pumzi. Kho. Nikainuka kwenda kubandika maji, nikasimama katikati ya ua nilipokumbuka.

"Usisimame," mama mkwe akasema kutoka kwenye mkeka wake. "Weka maji mengi. Anayekuja ana njaa."

Nikaenda nikaweka.