Nilivyompa Mwanamume Hifadhi kwa Mama Mkwe Wake

Kosa ni langu, na sitausingizia upepo. Upepo uliezua paa la nyumba ya Deusi kule Chonyonyo. Mengine yote niliyaezua mimi.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii hapa Karagwe. Kazi yangu ni kuzipokea familia zilizokosa makazi ghafla, kuzifungulia faili, kuziandikia barua ya rufaa kwa anayeweza kuzihifadhi, kisha kuzifuatilia. Nina shahada. Naitaja kwa aibu, na mtaona kwa nini.

Deusi alikuja ofisini Ijumaa asubuhi na mkewe Edina, mwenye mimba ya miezi minane na ushei, mvua haina dalili ya kukatika. Tulipofika kwenye swali la ndugu wa karibu, Edina akasema mama yake yuko Igurwa: mjane, nyumba ya bati, vyumba vitatu, anaishi peke yake. Peke yake! Vyumba vitatu! Moyo wangu ukaruka.

"Mama afisa," Deusi akaanza, "shida ni kwamba yule ni..."

"Ni nani, Deusi? Adui yako?"

"Hapana, mama. Ni mkwe wangu."

"Basi ni mama yako!"

"Ndiyo, mama. Lakini..."

"Hakuna lakini. Mkeo utamlaza kwenye migomba?"

Nikapiga muhuri. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimekwisha kujitangaza kwenye kundi letu la simu: familia moja, rufaa moja, siku moja. Wenzangu wakanimiminia vikaragosi vya makofi. Laiti ningempa yule mtu nusu dakika amalize sentensi yake!

Kwani nilikuwa sijui? Nilijua! Mimi ni Mhaya wa Muleba. Nimekua nikimwona baba yangu akijitosa kwenye migomba kila bibi yangu mzaa mama alipotokea njiani. Kwa wanaoshika mila huku kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, sembuse kulala chini ya paa moja. Lakini fomu haikuwa na mstari wa kuuliza hilo, nami nilikuwa nimeshaanza kufikiri kama fomu.

Jumatatu nilikwenda Igurwa kufuatilia. Vyumba vyote vitatu vilikuwa vitupu! Mwenye nyumba, Bibi Paskazia, alikuwa amekaa katika jiko la nje, kanga kichwani, uso ukutani. Deusi alikuwa kibanjani, kati ya migomba, ungo umemfunika uso. Na Edina, maskini, na tumbo lile, alikuwa akipita katikati yao kama tarishi: sahani huku, salamu kule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemleta mkwe wangu kwa barua?"

"Ndiyo, mama."

"Umesoma mpaka wapi, mwanangu?"

"Mpaka chuo kikuu."

"Na huko wote hawana wakwe?"

Kibanjani nikausikia ungo ukicheka.

Niliahidi kurudi na ufumbuzi. Ufumbuzi ukanitangulia! Kesho yake jioni Bibi Paskazia alikuwa kwenye geti langu, na kifurushi cha nguo, mkungu wa ndizi na kuku.

"Nyumba nimewaachia, binti yangu asije akajifungulia mvuani," akasema. "Sasa asiye na makazi ni mimi. Nifungulie faili."

Ningekataa vipi? Nikampa chumba cha wageni. Mume wangu, mkuu wa shule ya sekondari, akarudi kazini, akamwamkia kwa adabu. Bibi akamuuliza ukoo wake. Akautaja. Ole wangu! Ndio ukoo wa Deusi, na kwa mila ndugu wa mkwe naye ni mkwe.

"Huyu naye ni mkwe wangu!" Na kanga ikashuka usoni.

Tangu siku hiyo mkuu wa shule mzima alikula stoo, juu ya gunia la maharage, na kila alipotaka kuingia sebuleni alikohoa kwanza mara tatu.

"Mama Koku," akaniita siku moja kutoka huko stoo, "na mimi niandikie rufaa. Popote."

Aliyelimaliza shauri hili ni yeye, si mimi. Jumamosi alinunua misumari, akaenda Chonyonyo, akawakusanya majirani wa Deusi, na mtu huyu ambaye hajawahi kutundika hata picha ukutani akapanda juu ya paa mwenyewe. Alasiri bati lilikuwa mahali pake. Edina alipotoka zahanati na mtoto wa kike, aliingia nyumbani kwake, na Bibi Paskazia alikuwa amesharudi kwenye vyumba vyake vitatu.

Enyi wenzangu mnaowatafutia watu pa kulala, nawasihi: msihesabu vyumba kabla ya kuuliza nani hawezi kuonana na nani. Na mtu akisema "lakini", wekeni muhuri chini mumsikilize! Mstari wa kuuliza habari za wakwe nimeuongeza kwenye fomu kwa kalamu yangu mwenyewe.

Fomu imepona. Mume wangu bado: mpaka leo, akifika mlango wa sebuleni kwake, anakohoa mara tatu.